Kodi ya Chumba na Fedha ya Korosho

Wako wasemao ya kuwa kodi ya nyumba isizidi theluthi ya mshahara. Neno hilo humfaa karani, alipwaye kila mwezi. Lakini sisi tuliopanga vyumba Nanganga, Masasi na Newala, tukitegemea mikorosho, tutalishikaje? Korosho huuzwa kwa msimu mmoja, bali kodi hudaiwa miezi 12.

Kosa letu ni kuchagua chumba wakati wa mnada, mfuko ukiwa umejaa. Tufanye hesabu: mtu auze kilo 400 kwa shilingi 2,500, apate 1,000,000. Akitoa 400,000 za salfa, vibarua na madeni, husalia 600,000, yaani 50,000 kwa mwezi. Theluthi yake haifiki 17,000. Basi akipanga chumba cha 40,000, watoto watakula nini?

Tena bei iliyotangazwa si fedha mkononi. Mwaka 2018 Serikali ilitangaza shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakangoja malipo miezi mingi. Je, njaa ilingoja nao?

Pima kodi kwa mavuno ya mwaka mbaya, ndugu, wala usiipime kwa furaha ya mnada.