Siku za Njiani



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme neno juu ya siku za njiani wanazopewa watumishi waendapo likizo au msibani.

Wako wakubwa wa kazi ambao, wakiletewa ombi la ruhusa, hutazama ramani na kupima kwa rula toka kiwanja cha ndege hata kiwanja cha ndege. Tutwae kiwanja cha Songwe, kilichofunguliwa mwaka 2012 kwa ajili ya watu wa Mbeya, na kile cha Kilimanjaro, kilicho kati ya Arusha na Moshi, tukitumiacho sisi wa Mbulu na Hanang. Kwa mstari ulionyoka ni kama kilomita 740. Ndege iendayo kilomita 600 kwa saa ingeumaliza mwendo huo kwa saa moja na robo. Basi mkubwa huandika: siku moja ya kwenda, siku moja ya kurudi, naye husadiki kwamba amefanya ukarimu.

Lakini abiria hasafiri juu ya rula. Kwa kawaida hupelekwa kwanza Dar es Salaam, kama kilomita 690 upande wa mashariki, akangoje ndege nyingine, kisha arudishwe kaskazini magharibi kilomita 450. Jumla 1,140, yaani zaidi ya mara moja na nusu ya ule mstari. Tena akishuka Kilimanjaro bado hajafika kwao: kuna mabasi ya kupita Arusha na Babati hata Katesh, karibu kilomita 300. Mwenye kwao Haydom na aongeze yake.

Jumapili tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka toka mlima Hanang yakaiangukia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Karani mwenzetu aliyekuwa kazini Mbeya alifiwa na shangazi yake. Akapewa siku nne, mbili zikiwa za njiani. Nafasi katika ndege aliipata Jumatatu jioni. Akalala Dar es Salaam. Jumanne alasiri akashuka Kilimanjaro. Akaingia Katesh Jumatano asubuhi, na shangazi amekwisha zikwa. Binamu yake, mfanya biashara, alipanda basi Mbeya Jumatatu alfajiri, akalala Dodoma, akapita Kondoa kwa ile lami iliyokamilika mwaka 2018, na Jumanne saa nane mchana alikuwa makaburini. Aliyeruka alitanguliwa na aliyekwenda chini! Naye karani alipochelewa kurudi kazini siku moja, siku hiyo ilikatwa katika likizo yake ya mwaka.

Labda mtu atasema kwamba hiyo ilikuwa bahati mbaya ya mara moja. Mimi nasema sivyo, kwa kuwa njia ni ile ile kila mwaka. Ila asiye na maiti ya kuzika hanung'uniki kwa sauti.

Rai yangu ni kwamba siku za njiani zihesabiwe toka mlango wa nyumba ya kazi hata mlango wa nyumba ya kwao mtu, na usiku wa kungoja ndege uhesabiwe pamoja. Lakini Halmashauri yetu haiwezi kwenda kwa wakubwa mikono mitupu. Kila mwanachama atakayesafiri na aandike saa ya kuondoka na ya kufika katika kila kituo, ampe Katibu karatasi hiyo. Yangu ya safari ya Juni nimekwisha mpelekea.