Damu ya Wanafunzi Isipoteze Nguvu Njiani

Wanafunzi wa shule za upili ndio nguzo ya akiba ya damu hapa Kenya. Shule zikifungwa damu huadimika, na Desemba huwa taabu zaidi. Desemba hiyo hiyo ndiyo wavulana wengi wa Thika, Ruiru na vitongoji vyake hupashwa tohara. Kwa baadhi ya familia, ndipo hugunduliwa kwamba mtoto ana hemofilia, ule ugonjwa wa kurithi ambao humfanya atokwe na damu bila kukoma. Aina iliyo ya kawaida zaidi, hemofilia A, humpata mvulana mmoja hivi kati ya 5,000 wanaozaliwa. Kiini chake ni upungufu wa protini ya kugandisha damu ambayo madaktari huiita fakta ya 8.

Tiba bora ni fakta yenyewe, iliyosafishwa kiwandani. Ni ghali mno, na hapa nchini tunategemea sana msaada wa Shirikisho la Hemofilia Duniani. Dawa hiyo ikikosekana, tegemeo ni plazima, yaani yale maji ya manjano ya damu, na hasa mashapo yake yaitwayo krayo. Namna ya kuyatenga iligunduliwa na mtaalamu Judith Pool wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, katika miaka ya 1960.

Msomaji ataniuliza, je, damu si damu tu? Sivyo. Fakta ya 8 ni protini dhaifu. Mfuko usipotikiswa taratibu ili damu ichanganyike na dawa ya kuizuia isigande, au damu ikidondoka polepole kupita dakika 15, protini hizo huanza kutumika humo humo mfukoni. Kisha mfuko hauna budi kuzungushwa kwa mashine, plazima itengwe na kugeuzwa barafu kabla ya saa 8 kupita. Ikicheleweshwa hadi saa 24, kiasi cha robo ya fakta ya 8 chaweza kuwa kimepotea. Barafu nayo ishike upesi, kwa friza maalumu ya nyuzi 30 chini ya sufuri au zaidi. Friza ya kuwekea nyama haifai.

Ili kupata krayo, plazima hiyo huyeyushwa polepole katika nyuzi 4 hivi, ikazungushwa tena, na mashapo yakahifadhiwa. Mwenye hemofilia B hafaidiki nayo, kwa kuwa fakta ya 9 hubaki katika maji yaliyoondolewa. Lakini mama anayevuja damu baada ya kujifungua hufaidika, maana krayo ina fibrinojeni nyingi.

Tufanye hesabu. Kijana wa kilo 40 mwenye hemofilia A kali huhitaji yuniti 800 hivi ili fakta ya 8 ifike asilimia 40 ya kiwango cha kawaida. Mfuko wa krayo iliyotengenezwa vyema una angalau yuniti 80, kwa hivyo mifuko 10 yatosha. Ikiwa kuchelewa kumeipunguza hadi yuniti 60, itahitajika mifuko 14. Hao ni watoaji damu wanne zaidi, na kila mmoja huongeza hatari ya maambukizi, hata kama ni ndogo. Hiyo ni dozi moja tu!

Ndiyo maana sifurahii kampeni ikisifiwa kwa idadi ya mifuko peke yake. Damu iliyotolewa Ruiru asubuhi haifai kungoja hotuba za waheshimiwa hadi jioni, kisha ikwame katika msongamano wa Thika Road. Mifuko ya kwanza iondoke saa sita mchana, na kila mfuko uandikwe saa ulipotolewa na saa plazima yake ilipotiwa friza. Ningekuwa mimi mgawaji wa bajeti ya Kaunti ya Kiambu, ningehakikisha mashine na friza hizo zipo karibu, katika Hospitali ya Thika Level 5, na kwamba umeme ukipotea jenereta huwaka.

Chembe nyekundu hudumu kama siku 35 tu. Plazima na krayo zikiwa barafu huweza kudumu mwaka mzima, kwa hivyo damu iliyotolewa shuleni mwezi wa Juni yaweza kumfaa kijana wa Desemba.

Na wewe mzazi, ikiwa upande wa mama kuna wajomba waliowahi kuvuja damu kupita kiasi waking'olewa jino, mpeleke mtoto apimwe mapema, kabla siku ya tohara haijapangwa.