Kikaratasi Chenye Elfu Kumi

Kama umeshawahi kunikuta jukwaani Jumamosi usiku, unakijua kile kibakuli kinachokaa mbele ya maiki yangu. Humo ndimo mnamotupia vikaratasi vyenu vya kuomba nyimbo: tishu, risiti za bia, wengine mnaandika nyuma ya kadi ya harusi yenyewe. Mimi naimba, baba watoto anapiga gitaa la besi, na hivyo ndivyo tunavyoendesha maisha tangu tukiwa wachumba.

Wengi mnadhani shida yetu ni wimbo tusioujua. Wala! Huo dawa yake ndogo. Tunapiga mwingine wa msanii huyo huyo, au ubeti mmoja na kiitikio, mengine mnamalizia wenyewe. Kama uliimbwa na mwanaume wa sauti nzito, namkonyeza mpiga kinanda apandishe kidogo. Mkiomba sebene wakati watu wanakula, kikaratasi kinasubiri mpaka sahani ziondolewe. Hatusemi "hapana" kwenye maiki. Tunasema "unakuja", na kweli unakuja.

Kimbembe ni wimbo tunaoujua vizuri.

Kuna harusi moja hapa Dar, ukumbi sitautaja. Watu wamejaa, kamati wamependeza, bwana harusi anacheka tu. Akaja kijana mmoja nadhifu, akanibandika noti ya elfu kumi kwenye paji la uso na kunipa kikaratasi: Sina Makosa, kwa bwana harusi, halafu jina lake. Jamani, nani asiyeupenda Sina Makosa wa Les Wanyika? Gitaa likianza tu hata mashangazi wanasimama. Nikasoma kama kilivyoandikwa, jina nikalitaja kwa mbwembwe zote.

Meza mbili za nyuma zikaangua kicheko. Bibi harusi akainamisha kichwa. Ndipo maneno ya wimbo yakanijia, mimi niliyeuimba miaka yote nikiwaza mauno tu: wanaume wawili wana uhasama juu ya mwanamke ambaye si wa yeyote kati yao. Bwana harusi hakuinuka kucheza. Alikuwa anamuuliza mkewe kitu sikioni, akarudia tena, na mke hajibu. Nilikuwa na wimbo mzima wa kuwatazama, maana ukishaanza hukati katikati. Ukikata ndiyo umethibitisha.

Njiani baba watoto akasema kazi yetu ni kupiga, ya kwao wayamalize wenyewe. Nikamwambia, ingekuwa harusi yetu je? Maana na mimi nilikuwa na mtu kabla yake, na anamjua. Akanyamaza. Tukanyamaza hivyo kutoka Sinza mpaka Mbagala, na ile elfu kumi tukaiwekea mafuta.

Tangu siku hiyo, harusini vikaratasi vyote vinapitia kwa MC na mwenyekiti wa kamati, wao ndio wanaowajua watu wao. Majina hatusomi, labda ya wazazi. Na ninyi mnaopanga harusi, mkikaa na bendi msitoe orodha ya nyimbo mnazozitaka tu. Toeni na zile msizotaka kuzisikia. Hakuna atakayewauliza kwa nini. Malaika tunaombwa karibu kila harusi, na tunaupiga, ingawa ni wimbo wa mtu aliyeshindwa kumwoa mpenzi wake kwa kukosa mali. Bibi harusi akiuomba mwenyewe, mimi nani nimkatalie?

Baa ni kwingine. Huko kibakuli bado kipo, ila siku hizi baba watoto ndiye anayesoma kwanza. Juzi alifungua kikaratasi kimoja, akanitazama, akakikunja na kukitia mfukoni, akaanzisha wimbo mwingine kabisa. Mpaka leo sijamuuliza kiliandikwa nini.