Wachezaji Wasizibwe Midomo

Mwandishi aliyedai kwamba waliomjua mhusika mkuu, Geralt, kupitia michezo ya video hawana la kusema kuhusu tamthilia ya The Witcher, kwa kuwa chimbuko lake ni vitabu, amekosea. Ni kweli Andrzej Sapkowski wa Poland alimleta mhusika huyo katika hadithi fupi mwaka 1986. Lakini mchezo wa kwanza ulitoka 2007, miaka 12 kabla ya tamthilia, na wengi walivifikia vitabu kwa njia hiyo.

Tena wachezaji hawa si watu wa mapanga tu. Katika mchezo wa tatu, wa 2015, baba mlevi anabeba mikononi kizimwi kilichotokana na mimba ya mkewe iliyoharibika. Anatembea nacho usiku hadi nyumbani, anakizika kizingitini na kukipa jina kama binti yake. Mchezaji yuko ubavuni pake njia nzima. Mimi niliweka kidhibiti chini, nikakaa kimya kwa muda mrefu. Aliyepita hapo anajua hadithi hizi zina uzito gani, na tamthilia ikizipitia juujuu ana haki ya kulalamika.

Henry Cavill, aliyemwigiza Geralt misimu mitatu, aliicheza michezo hiyo kabla ya kupewa nafasi. Naye anyamaze?