Tahariri: Geti Libaki Wazi

Jumapili iliyopita, tulipokuwa tunatoka kikaoni, mama anayeuza makala nje ya ukumbi wa chama chetu cha kufa na kuzikana hapa Bel-Air, Lubumbashi, aliniita pembeni. Tunafahamiana vizuri, kila tukiwa na sherehe makala ya kuchomea nyama tunanunua kwake. Alitazama kushoto na kulia, akashusha sauti: "Baba, batu banasema muko mu loge. Njo juu ya ile munafungaka mulango?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikamweleza kwamba geti tunalifunga kwa ajili ya pikipiki za wanachama, tangu siku ile mbili zilipoondoka bila wenyewe. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea chenji ambayo hajaihesabu. Kabla sijafika nyumbani kicheko kilikuwa kimeniisha. Mama huyu ni jirani yetu tangu tulipopanga ukumbi ule, na mpaka leo hajui tunachofanya ndani. Kosa hilo si lake.

Kwa wenzetu waliofika juzi kutoka Dar, Mwanza au Mombasa: hiyo "loge" ya Lubumbashi ndiyo Frimasoni ya kwetu. Mtu akipata gari jipya kwa haraka, ameingia mu loge. Akifiwa mara mbili kwa mwaka, katoa kafara. Kwetu nako nguzo za umeme zina matangazo ya kujiunga, na simu hupokea ujumbe unaoahidi utajiri, ilimradi utume kwanza ada ya usajili. Anayetajirika hapo ni aliyepokea ada.

Frimasoni wenyewe, yaani waashi huru, wana historia inayojulikana. Huhesabu mwanzo wa chama chao cha kisasa tangu tarehe 24 Juni 1717, vikundi vinne vya London vilipoungana na kuunda loji kuu. Alama zao, guni na bikari, ni zana za fundi mwashi. Ngazi zao za msingi ni tatu, na mwanachama huzipanda moja baada ya nyingine. Hula pamoja, husaidia wajane na yatima wa wenzao, na huapa kutotoa nje ishara za kutambuana. Kiapo hicho ndicho kilichowaletea matata. Papa Klementi wa Kumi na Mbili aliwapiga marufuku Wakatoliki kujiunga mwaka 1738, na Vatikani ikarudia marufuku hiyo mwaka 1983. Hata wao kwa wao waligawanyika. Mwaka 1877 loji kuu ya Ufaransa iliondoa sharti la kumwamini Mungu, na wenzao wa Uingereza wakakata undugu nao.

Ugomvi huo ulihamia mpaka huku. Mji huu, ukiitwa Elisabethville, ulianzishwa mwaka 1910. Mwaka huohuo misheni ya Kikatoliki ya Katanga ilikabidhiwa kwa Mbenediktini Jean-Félix de Hemptinne, aliyeiongoza hadi alipofariki mwaka 1958, na waashi huru hawakuwa rafiki zake. Mivutano ya Kanisa na waliberali wa Kibelgiji ilifika hadi darasani: tangu 1954 Auguste Buisseret, waziri mliberali wa makoloni, alianza kufungua shule za serikali zisizo za misheni kwa watoto wa Kiafrika, na wamisheni wakapinga vikali. Lakini kwa kibarua aliyerudi jioni kutoka kiwandani, loge ilikuwa nyumba tu ambayo Wazungu waliingia, wakafunga mlango, na hakuna aliyemwambia kilichomo.

Mlango wa namna hiyo haukai bila hadithi. Pwani walisema mumiani, Nairobi na Kampala wakasema wazimamoto, na hapa Katanga mutumbula: watu wanaokamata wenzao usiku ili kuwanyonya damu au kuwanenepesha kama mifugo. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya minong'ono hiyo mwaka 2000. Hakukishughulisha na swali la kama damu ilinyonywa kweli. Aliuliza hadithi hizo zinasema nini juu ya maisha ya waliozisimulia. Mimi nikizisoma nasikia watu walioona magari, sare na majengo vikifanya kazi katikati yao, bila mtu kuwaeleza ni kazi gani. Mama wa makala ni mjukuu wa swali hilo.

Mtu atasema: basi wajieleze. Tanzania alikuwepo aliyejieleza. Sir Andy Chande, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1928 na kukulia Bukene, aliongoza waashi huru wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi na hakulificha jambo hilo. Alilitaja mbele ya waandishi wa habari, na kumbukumbu za maisha yake zikachapwa mwaka 2005. Vinu vya familia yake vilipotaifishwa mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, hakukimbia nchi. Alikubali kuliongoza shirika la umma la usagishaji lililozaliwa humo. Alifanya kazi nyingi za hisani hadi alipofariki mwaka 2017. Na bado mitaani jina lake liliendelea kutajwa kwa kunong'ona. Uso wake ulikuwa wazi, ila mlango wa jengo lao pale Posta, Dar, ulibaki umefungwa, na watu huamini mlango kuliko uso.

Sina ugomvi na loji. Watu wazima wana haki ya kukaa chumbani na kuvaa aproni wapendazo. Ninachouliza ni sisi, chama cha kufa na kuzikana katika komini ya Kampemba, tunajifunza kwa nani namna ya kuwa ndugu.

Mji huu una walimu wake. Mwaka 1965, chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani hapa Elisabethville, maboi na wapishi wa Wazungu, kilitoa kijitabu kilichopigwa taipu kwa Kiswahili cha mji huu. Kilitungwa na Yav André na kuitwa *Vocabulaire de ville de Elisabethville*. Ni historia ya mji kama ilivyoonekana kutoka jikoni: mabwana walivyokuja, vita, njaa, majina waliyobandikwa Wazungu. Mtaalamu Johannes Fabian alikichapisha upya mwaka 1990, na leo wasomi wa nchi za mbali hukifundisha. Tafakari hilo. Waliofungua na kufunga milango ya mabwana wao, kila siku, ndio waliokaa wakaandika walichokiona ili wengine wasome. Chama chao hakikuwa na jengo la kifahari, lakini maandishi yake yapo.

Mwalimu wa pili ni Jamaa. Ilianzia miaka ya 1950 upande wa Kolwezi, kwa Placide Tempels, padri Mfransisko, pamoja na wafanyakazi wa migodi. Nayo ilikuwa na mafundisho ya ngazi tatu, walizoziita njia, na mengine hayakusemwa hadharani. Lakini mwanamume hakuingia akamwacha mkewe nje. Waliingia wawili, baba na mama, na kila hatua waliipanda pamoja. Nyumbani kwa mwanachama hapakuwa na mtu wa kujiuliza mwenzake anakwenda wapi usiku.

Sasa tujitazame. Katiba yetu inasema hesabu zisomwe kila baada ya miezi mitatu. Mara ya mwisho zilisomwa lini? Wiki hii niliomba kuliona daftari la mweka hazina, lile la jalada gumu la kijani. Limeandikwa kwa mkono safi, mistari imepigwa kwa rula. Jeneza, usafiri, chakula, kila kitu kina tarehe. Halafu, mara tatu katika ukurasa mmoja, neno "mengineyo" na pesa isiyo ndogo mbele yake. Nilipouliza nilijibiwa vizuri: vocha za simu, posho ya dereva, karatasi za mpakani. Jibu lilikuwa halali na risiti zilikuwepo, zimebanwa kwa pini. Kilichonikereketa ni kwamba nilikuwa mtu wa kwanza kuuliza. Mwanachama anayelipa mchango wake kila mwezi asipojua "mengineyo" ni nini, tofauti yake na mama wa makala ni kwamba yeye yuko upande wa ndani wa geti.

Kuna siri mbili, na tumezichanganya. Siri ya mtu ni ugonjwa wake, deni lake, ugomvi wake na mkewe. Aliyetuletea hayo ametuamini, na kamati iyatunze mpaka kaburini. Siri ya chama ni pesa, maamuzi, nani amekataliwa na kwa nini. Hiyo haina haki ya kufichwa. Sisi tumefanya kinyume. Habari za ugonjwa wa mwenzetu mmoja zilifika sokoni kabla hajatoka hospitali, wakati hesabu za harambee yake zimekaa kabatini.

Kwamba tunaweza kufanya vizuri, tulishaonyesha. Mnakumbuka dereva mwenzetu aliyefariki gari lake likiwa kwenye foleni ya Kasumbalesa. Usiku wa kilio hatukufunga geti, kwa kuwa watu walikuwa wengi. Majirani walileta bukari na sombe, wakaketi nasi kwenye mikeka. Michango ilitangazwa kwa sauti, jina na kiasi, na vijana wa mtaa ndio waliobeba jeneza mpaka kwenye gari lililompeleka Tunduma kupitia Zambia. Usiku ule sikusikia mtu akitaja loge. Kila mtu aliona kwa macho yake kazi ya chama hiki.

Kwa hiyo kamati imekubaliana juu ya ratiba ya Oktoba, nami naiandika hapa ili atakayeivunja aulizwe.

Jumamosi ya kwanza tutazibua mitaro ya mtaa wetu kabla mvua hazijaanza. Kila mtu aje na koleo au jembe lake, na vijana wa jirani tumeshawaambia. Maji yakijaa hayaulizi nani Mtanzania na nani mwenyeji.

Jumapili ya pili ni mkutano mkuu. Hesabu za mwaka mzima zitasomwa mstari kwa mstari, na neno "mengineyo" limefutwa katika daftari jipya. Wake na waume wa wanachama wanakaribishwa na watakuwa na haki ya kuuliza.

Jumamosi ya tatu tutakwenda kuchangia damu. Wenye umri na afya wajiandikishe kwa katibu. Najua utani utakaofuata, hasa baada ya haya niliyoandika juu ya mutumbula. Tutanieni, lakini njooni.

Akina mama wa likelemba, yaani upatu, wataendelea kukutana kila Alhamisi kama kawaida. Wao hesabu yao hufanyika hadharani, pesa mkononi, mbele ya wote, na sijasikia mtu akiwaita loge. Kamati ingefaa kwenda kukaa nao Alhamisi moja, kujifunza.

Zimebaki pikipiki. Vijana wawili watazilinda nje kwa zamu, walipwe posho, na posho hiyo iandikwe kwa jina lake. Geti halina kisingizio tena. Mama wa makala nimemwambia aje Jumapili ya pili asikie hesabu. Ameniuliza kama kuna mahali pa kukaa, na kabla sijajibu akasema atakuja na kiti chake.