Udongo Mweusi Pekee Hautoshi

Mwanafunzi wangu mmoja aliandika katika mtihani kwamba uwanda wa Kano, mashariki mwa Kisumu, ni ardhi inayolimika kwa sababu udongo wake ni mweusi. Nilimpa nusu ya alama, na ningali naitetea nusu hiyo.

Udongo ule wa mfinyanzi hupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Masika ikija, Mto Nyando hufurika na kuyasomba mazao. Kilichoufanya ulimike pale Ahero ni mradi wa umwagiliaji ulioanza mwaka wa 1969: pampu, mifereji na mikono ya wakulima. Kule kukataa kwake kupitisha maji upesi, ambako kwa mhindi ni balaa, kukawa neema kwa mpunga. Kisha, mnamo mwaka wa 2000 hivi, shughuli zilikwama, na mradi haukufufuliwa ila baada ya miaka kadhaa. Je, katika muda huo udongo ulikuwa umebadilika rangi?

Nawasihi walimu wenzangu wasiishie kwenye ramani ya aina za udongo. Wawapeleke wanafunzi mferejini, wawaulize ni nani huuzibua na ni nani hulipia umeme wa pampu. Hapo watatambua pia kwamba shamba likishakatwa ploti na kujengwa nyumba kando ya barabara kuu, jembe halilirudishi.

Nusu ya alama iliyobaki nimemwekea yule mwanafunzi. Ataipata akinijibu lile swali la umeme.