Tujue Tunachokula: Utamu wa Porto Usitudanganye



Desemba iliyopita mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Uingereza alinunua dukani chupa ya sosi ya kranberi, yale matunda mekundu makali ambayo wenyeji huyala pamoja na nyama ya bata mzinga. Aliisoma orodha ya viungo kama tunavyohimizana siku zote: matunda, sukari, maji, “port”. Neno hilo kwa Kiingereza ni bandari, naye akadhani limetajwa mahali yalikotoka matunda. Wageni walipokwisha kula, mwanawe anayesoma sekondari aliishika chupa akasema, “Mama, hii imetiwa mvinyo.” Usiku ule ule mama huyo alitupigia simu, sauti imemkauka.

Tulimwambia kwamba aliyejitahidi kisha akakosea bila ya kujua hatumlaumu, na Mwenyezi Mungu ni Mwingi wa kusamehe. Hata hivyo tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili, ili lisimfike mwingine.

“Port” ni mvinyo wa Ureno. Umepewa jina la mji wa Porto, ulio karibu na mlango wa Mto Douro, na jina la mji huo nalo maana yake ni bandari. Sisi watu wa pwani tuna maneno ya Wareno vinywani mwetu tangu zama walipotutawala: mvinyo limetokana na neno lao “vinho”, na pipa ni neno lao vile vile.

Zabibu zake hulimwa kwenye ngazi zilizochongwa katika milima ya bonde la Douro, ambalo mipaka yake iliwekwa kwa amri ya serikali mwaka 1756. Zikishavunwa husagwa kwa mashine, au hukanyagwa kwa miguu ndani ya mabirika ya mawe, kama ilivyokuwa desturi ya zamani. Maji yake huanza kuchachuka, yaani hamira huila sukari ya zabibu na kuigeuza kuwa kileo. Katika mvinyo wa kawaida kazi hiyo huachwa mpaka sukari ikaribie kwisha, na kileo hufika kiasi cha asilimia 12 hadi 14.

Porto haisubiriwi hivyo. Baada ya siku mbili tatu, sukari ikiwa imebaki kiasi cha nusu, humiminwa humo pombe kali ya zabibu yenye kileo cha asilimia 77. Hesabu yao ya jadi ni lita 115 za pombe hiyo kwa lita 435 za maji ya zabibu, jumla lita 550, na kipimo hicho wenyewe hukiita pipa. Hamira hufa na uchachu husimama. Kinachobaki kina kileo cha asilimia 19 hadi 22, na sukari ambayo hamira haikuwahi kuila.

Kisha huwekwa katika mapipa ya mti, aghlabu katika maghala ya Vila Nova de Gaia, ng’ambo ya mto ukitoka Porto. Zamani kilishushwa huko kwa mashua. Siku hizi huenda kwa malori. Kwa nini basi kimeenea hivi hapa Uingereza? Mkataba wa mwaka 1703 baina ya nchi hizi mbili ulipunguza ushuru wa mvinyo wa Ureno ukawa chini ya ule wa Ufaransa, na tangu hapo wenyeji wakakizoea, hasa wakati wa Krismasi.

Ndugu wasomaji, hapo ndipo penye hatari. Ulimi hupokea kitu kitamu kama maji ya matunda, kumbe kina nguvu kupita mvinyo wa kawaida. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mtoto akionjeshwa hatakitema kama anavyotema kitu kichungu. Huenda akaomba kingine.

Wako wanaosema kwamba moto huondoa kileo chote. Si kweli. Kilichotiwa katika mchuzi ukachemka kwa saa nzima, kiasi cha robo yake huweza kusalia. Nasi dini yetu haikutuhalalishia kidogo cha kitu ambacho kingi chake hulevya.

Basi mnapokwenda dukani tazameni maneno “port”, “ruby port”, “tawny port” au “Porto” katika sosi, jeli, jibini, pate za maini na pai za sikukuu. Chakula kilichofungwa sharti kiorodheshwe viungo vyake. Mkahawani si lazima mwambiwe kwamba mchuzi umetiwa mvinyo, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuagiza. Mkialikwa kazini au shuleni, semeni mapema na kwa upole. Wenyeji wengi hufurahi kuambiwa kuliko kuona sahani imerudi haikuguswa.

Na anayependa ladha ya namna hiyo achemshe maji ya komamanga kwa sukari kidogo mpaka yawe mazito, kisha akamulie ndimu. Mama yule alipika hivyo Idi iliyofuata, na wageni wale wale walikuja, wakala, wakaomba waongezwe.

Tusione haya kusoma vibandiko wala kuwauliza watoto wetu, ambao Kiingereza cha nchi hii wanakijua kutushinda. Kuuliza si ujinga.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.